Mlango wa Siri wa Kitanda cha Joto

Hebu fumba macho kidogo, upige picha akilini. Mvua ya Tukuyu inanyesha tangu asubuhi, ile ya baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Ndani ya karakana ndogo kuna kitanda cha mtoto mchanga, kuta zake za plastiki angavu, na chini ya godoro lake kuna hita. Kando yake amesimama binti aitwaye Atupele, simu sikioni.

"Kuna mtoto njiti hatuna pa kumweka," ilisema sauti ya Sista Nkundwe, muuguzi wa wodi ya wachanga. "Kitanda chetu cha zamani kimekufa, na mama yake amerudishwa chumba cha upasuaji. Gari linakuja kuchukua kitanda chenu. Kipo tayari?"

"Kipo tayari, Sista."

Ndivyo alivyoamini. Yeye ndiye aliyeandika kiendeshi, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta ya kitanda kuzungumza na hita na kipima joto.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Ndani ya kompyuta kuna kiini, na kiini ni kama msimamizi wa nyumba. Ana milango aliyoiweka mwenyewe: huu wa sauti, huu wa picha, huu wa joto. Ukipitisha kifaa chako kwenye mlango wa joto na kumwambia kikomo chake, msimamizi hukilinda. Joto likizidi, anakata umeme bila kumwuliza mtu.

Lakini mlango ule una masharti mengi, na Atupele alikuwa na haraka. Akatoboa mlango wake wa siri, unaojulikana na programu yake ya kwenye skrini peke yake. Programu hiyo ndiyo iliyosoma joto, ndiyo iliyowasha hita, ndiyo iliyoizima. Kiini hakikujua kwamba ndani ya nyumba yake kuna moto.

Lutengano, mkubwa wake kazini, alikuja na kamba za kufungia mzigo.

"Mdogo wangu, umepita mlango gani?"

"Wa kwangu, kaka. Unakwenda kasi kuliko wa kiini."

"Na programu yako ikifa?"

"Haijawahi kufa."

Lutengano akacheka. "Kila mtu programu yake haijawahi kufa, mpaka watu wafunge turubai la msiba. Haya, iue sasa hivi."

Atupele alibonyeza, huku amenuna kidogo. Programu ikafa, hita ikiwa bado inawaka. Skrini ikabaki inaonyesha nyuzi thelathini na sita na nusu, namba nzuri kabisa, namba ya mtoto mwenye afya.

Wakasubiri. Atupele akaweka kiganja juu ya godoro. Lilikuwa vuguvugu. Baadaye kidogo likawa na joto la chai iliyoanza kupoa. Kisha akauondoa mkono kwa kushtuka, kama aliyegusa sufuria. Alitazama skrini: thelathini na sita na nusu.

Lutengano ndiye aliyechomoa waya ukutani.

Akilini mwake Atupele alimwona yule mtoto, amelala pale, muuguzi anapita, anatazama namba, anatabasamu, anakwenda zake.

Nje, honi ikalia. Gari la hospitali lilikuwa limefika.

"Kaka, nifanye nini?"

"Kitanda umekitengeneza wewe. Na jibu litoke kwako."

Alimpigia simu Sista Nkundwe. "Sista, kitanda hakiji leo."

"Unasemaje? Atupele, mtoto huyu ni mdogo kama chupa ya soda! Ameanza kupoa!"

"Baba yake yupo?"

"Yupo koridoni, analia."

"Avue shati. Mwekeni mtoto kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, mumfunike kwa khanga. Naomba mpaka kesho."

Simu ilikatwa bila kwaheri.

Hofu aliyokuwa nayo baada ya hapo ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Je, kama amemwua kwa kusema hapana? Kila simu ya karakana ilipolia, alidhani ni habari ya msiba. Lakini alikaa chini, akaufuta mlango wake wa siri wote, mstari kwa mstari. Akakisajili kipima joto kwenye mlango wa joto wa kiini, hita nayo vivyo hivyo, akaandika na kikomo. Akaiua programu yake tena. Safari hii godoro lilipata joto, likafika kikomo, na kitanda kikajizima chenyewe: tak! King'ora kikalia.

Kesho yake kitanda kilipelekwa. Mtoto alikuwa hai, kifuani kwa baba yake, ambaye hakuwa amethubutu hata kukohoa.

Wiki haijaisha, simu ikalia. Sista Nkundwe alikuwa anafoka.

"Mmetuletea kitanda kibovu! Kimejizima na mtoto yumo ndani! Kinapiga kelele wodi nzima!"

Atupele akasimama ghafla. "Mtoto yukoje, Sista?"

"Mtoto mzima, tumemtoa, ananyonya kidole. Mimi nasema habari ya kitanda! Hata skrini yenyewe inasema joto ni zuri, namba imeganda tu hapo. Sasa kimejizima kwa nini?"

Atupele alikaa sakafuni, simu mkononi, akalia kwa sauti mpaka Lutengano akaja mbio akidhani wamepata msiba.

"Vipi, mdogo wangu? Nini tena?"

"Programu yangu imekufa, kaka," alisema huku akicheka na kulia. "Imekufa, kiini kimeikata hita chenyewe, na mtoto mzima!"

Funzo: Njia ya mkato tunayoijua peke yetu hufanya kazi siku tukiwa wazima tu; njia inayojulikana na nyumba nzima hulinda watu hata siku tusipokuwepo. Ukimpelekea mwenzako hadithi hii, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: kabla ya kutoboa mlango wako, uliza kwanza ni nani atakayejua kuna moto ndani.