Fisi Aliyetaka Kusifiwa na Jabali

Nije?
— Njoo!
Nije na mzigo?
— Njoo nao, tukutue!
Mzigo wenyewe una meno.
— Utue polepole!

Haya, nautua.

Hapo kale palikuwa na jua. Si jua hili mnalolilalamikia ninyi. Jua lile liliwaka, likawaka, likawaka, mpaka mto ukageuka njia ya vumbi na miti ikabaki vijiti. Mvua za vuli hazikuja. Za masika hazikuja. Wanyama wakainua vichwa kutafuta wingu, wakaona weupe mtupu. Wakaanza kuanguka, puu, mmoja hapa, puu, mwingine kule, na tai walikuwa wameshiba kiasi kwamba hawakuwa hata na haraka.

Katika nchi hiyo palikuwa na kilima cha mawe. Chini ya kilima palikuwa na pango, na ndani ya pango maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mwamba. Ndo. Ndo. Ndo. Yakijikusanya kwenye kidimbwi cha ukubwa wa ungo. Hayo ndiyo yalikuwa maji ya mwisho.

Juu ya kilima hicho waliishi pimbi wawili, Siwema na Mashavu, majike wote wawili. Mnawajua pimbi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaokaa kwenye nyufa za mawe. Siwema alikuwa mwembamba na mwenye maneno mengi. Mashavu alikuwa mpole, na uongo ulikuwa ukimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Walikuwa wakipendana. Walikuwa na ufa wao mmoja, wakilala ubavu kwa ubavu, wakichanana manyoya asubuhi. Dume yeyote aliyekuja kuposa alikaribishwa, akapewa majani atafune, akasindikizwa. Majirani walisema waliyoyasema mpaka wakachoka, wakazoea.

Mwanzo kidimbwi kilikuwa mikononi mwa madume. Nyati alikunywa kwanza kwa sababu ya pembe zake, ngiri akafuata kwa sababu ya meno yake, na majike wenye watoto wakaachiwa tope walirambe. Ndipo siku moja akaja Fisi.

Fisi huyu alikuwa jike, mkubwa kuliko dume yeyote wa kabila lake, shingo nene, taya za kuvunja mfupa wa paja. Alisimama mbele ya pango akasema kwamba nchi hii imeunguzwa na madume. Wao ndio walioikanyaga, wakaila, wakaimaliza. Kuanzia siku hiyo majike ndio watakaokunywa kwanza, na majike ndio watakaotawala.

Majike wakapiga vigelegele. Siwema alipiga, Mashavu alipiga. Na kusema kweli, maneno yalikuwa mazuri. Madume wakafukuzwa, wakaenda kusimama juani. Siku hiyo kila jike alikunywa akashiba, akalala vizuri.

Siku ya pili Fisi akalala mlangoni pa pango, tumbo huku, mkia kule, akasema analinda. Siku ya tatu akasema kabla ya kunywa watasikiliza hadithi.

Hadithi yenyewe alikuwa ameitunga mwenyewe. Ilihusu siku zijazo, nchi ikiwa imeungua yote, na majike waliosalia wakiongozwa na jike mmoja shujaa mwenye madoa na taya zenye nguvu. Shujaa akatembea. Halafu akahutubia. Halafu akatembea tena. Walikuwamo majike wawili wapendanao, lakini hao walikufa kwa kiu mwanzoni kabisa, na shujaa akapita juu ya mifupa yao akihuzunika, ili wasikilizaji waone jinsi anavyojua kuhuzunika. Halafu akahutubia. Wasikilizaji walikaa kwenye kivuli cha kilima, ndimi nje, wakiyasikia maji nyuma yake. Ndo. Ndo. Ndo.

Akimaliza, Fisi huuliza, "Ikoje?"

Nao hujibu, "Tamu, Bibi, tamu."

Hebu nanyi jibuni. Ikoje?
— Tamu, Bibi, tamu!

Vizuri. Mngepata maji.

Kila mchana hadithi ileile, na kila mchana jibu lilelile. Aliyejibu alipewa mafunda machache akaondoka. Mpaka ikafika zamu ya Digidigi jike. Huyu mumewe alikuwa miongoni mwa wale waliosimama juani, na miguu ya mume huyo ilikuwa imeshaanza kukunjika. Digidigi jike akanywa, kisha akajaza maji mdomoni, akageuka kuondoka akiwa ameufumba. Fisi akamtazama. Akamuuliza kama hadithi ilimpendeza. Digidigi hakuweza kujibu. Akatikisa kichwa kuitikia. Fisi akasema anataka kuisikia sauti yake.

Digidigi akamtazama mumewe kule juani. Hakumeza, hakutema.

Kru. Kru. Kru.

Maji yake yakamwagika vumbini, yakanywewa na ardhi papo hapo. Wengine wote walikuwa wakitazama chini. Fisi akajifuta mdomo kwa ulimi, akauliza tena, "Ikoje?" Wakajibu, na safari hii walijibu kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Tangu hapo Siwema alikuwa akimfundisha Mashavu. Kila asubuhi wakiwa ndani ya ufa wao alimwambia aseme tamu, na Mashavu akajaribu, na neno likakwama. Siwema akamwambia basi afungue mdomo tu, yeye atasema kwa ajili ya wawili. Wakafanya hivyo, ikapita siku, ikapita nyingine.

Mchana mmoja Fisi akauliza, wakajibu, naye akanyoosha shingo.

"Wewe pimbi wa nyuma. Midomo yako imecheza, lakini sauti ni ya mwenzako."

Mashavu akasimama. Siwema akamkanyaga mguu, lakini ilikuwa bure.

"Bibi," alisema Mashavu, "wale wawili waliokufa mwanzoni. Walikuwa wanaitwa nani?"

Fisi akasema hawakuwa na majina.

"Basi hadithi yako si nzuri, Bibi."

Ndo. Ndo. Nungunungu, bibi mzee aliyekaa mstari wa mbele, akajifunika uso. Fisi akainuka, akaja polepole, akauweka mguu wake wa mbele juu ya mgongo wa Mashavu, akambana chini. Akatangaza kwamba wenzake wote watakunywa kwanza, kisha atamla mbele yao, mifupa mpaka manyoya.

Kuna jambo ambalo Siwema alikuwa ameliona siku nyingi. Kila mara wale wa kivulini walipojibu tamu, Fisi alikuwa akiwatazama usoni mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta kitu asikipate. Siwema akajiburuta mpaka mbele.

"Mle, Bibi. Ni haki yako," alisema. "Ila ukimla, hutajua kamwe kama alisema kweli."

Fisi akamwuliza ana maana gani.

"Hawa wote wanasema tamu kwa sababu wana kiu. Hata mimi. Yupo mmoja tu asiyekunywa maji na asiyekuogopa. Huyo akisema tamu, ni tamu."

"Nani?"

"Jabali."

Akamweleza kwamba juu ya kilima uko ufa, na ndani ya ufa Jabali husikia na hujibu. Pimbi wote wanajua. Lakini ni mzee na masikio yake ni mazito, na haamshwi na mgeni. Siwema akajitolea kutangulia kumwamsha.

Fisi hakucheka. Akakaa akifikiri, mate yakimdondoka juu ya kichwa cha Mashavu. Kisha akamwambia Nungunungu alinde maji kwa miiba yake, akamnyakua Mashavu kwa ngozi ya shingo, akaanza kupanda. Siwema akatangulia mbio.

Ufa ule ulikuwa mpana mlangoni na mwembamba ndani, kama mdomo wa chupa. Mwisho wake palikuwa na tundu la kutosha pimbi mmoja, linalotokea upande wa pili wa kilima. Siwema akaingia, akashuka mpaka mwisho, akageuka, matako yakiwa kwenye tundu, uso ukitazama mwanga. Akasubiri. Akasikia kucha kwenye mawe, kwaru, kwaru, kwaru. Mwanga ukazibwa na kichwa.

Fisi akamtua Mashavu nje, akamkanyaga kwa mguu mmoja, akaanza kusimulia.

Siwema akakaza koo, sauti ikatoka nzito. "Sauti ni ndogo. Sogea."

Fisi akasogea. Shujaa akatembea.

"Bado sisikii. Sogea."

Fisi akasogea. Ili asogee ilimbidi aingize miguu yote miwili ya mbele, na ule uliomkanyaga Mashavu ukainuka. Shujaa akahutubia. Harufu ya mdomo wake ikajaa ndani ya ufa, harufu ya nyama na maji. Siwema aliyaona meno, kisha hakuona kitu, giza tupu, pumzi moto tu usoni mwake. Na mabega ya Fisi yalikuwa hayajapita. Angeweza bado kutoka.

"Ikoje?" aliuliza Fisi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtoto.

Siwema alitaka kukimbia. Kila akisema sogea, meno yalikuja kwake, si kwa mwingine. Akasema, "Sogea, nikunong'oneze."

Fisi akajisukuma kwa miguu ya nyuma. Kwaru, kwaru, kwapu. Mabega yakapita, tumbo likagota. Pua yake ikamgusa Siwema kwenye masharubu, ikanusa. Ikanusa tena.

"Jabali," alisema Fisi polepole, "mbona unanuka pimbi?"

Siwema akarudi nyuma, matako yakagonga mwamba. Katika giza alikuwa amelipoteza tundu. Akapapasa kushoto, mwamba. Kulia, mwamba. Taya zikafumba, ngwa, zikaondoka na manyoya ya kidevu chake. Akatapatapa, mguu mmoja wa nyuma ukachomoka hewani, na hapo hapo kitu kikaung'ata, kikavuta.

Alikuwa Mashavu. Badala ya kukimbia alikuwa amezunguka kilima, akitambaa kwa tumbo kwa sababu mgongo ulimuuma, akafika kwenye tundu, akauona mguu anaoujua. Alivuta mpaka wote wawili wakabingirika kwenye mawe. Wakakaa pale wameshikana. Ndani ya kilima Fisi alikuwa akirudi nyuma na kukwama, akisonga mbele na kukwama, maana tumbo lilikuwa limejaa maji ya wenzake.

Walipofika pangoni wakakuta wanyama wamesimama mbali na kidimbwi. Hakuna aliyekuwa amekunywa. Mashavu akawaambia Fisi amekwama. Nungunungu, miiba bado imesimama, akauliza sasa ni nani atakayewaruhusu. Mashavu alipita katikati ya miiba, akainama, akanywa.

Wale wa juani nao wakaitwa. Digidigi mume alifika wa mwisho, akajaza maji mdomoni, akakaa nayo muda mrefu, ndipo akameza. Walikubaliana wanywe kwa zamu, wadogo kwanza, na pasiwe na wa kulala mlangoni. Kulikuwa na kelele nyingi juu ya jambo hilo. Nyati alitaka kuwa wa kwanza tena, na majike wakamzuia wote kwa pamoja, bila hotuba.

Kule juu Fisi alitukana, kisha akabembeleza, kisha akaanza hadithi yake upya. Hakuna aliyepanda kumjibu. Sauti ikapungua, ikawa kama upepo, ikakoma. Mvua ilichelewa, ikaja ndogo, na si wote walioiona.

Siwema hakufurahi kama walivyodhani wengine. Tangu siku hiyo hakuweza kuingia ndani ya ufa wowote, hata wa kwao. Akiweka kichwa ndani, ile pumzi moto inamjia usoni, anarudi nyuma akihema. Pimbi bila ufa ni chakula cha tai, na alijua. Akawa analala nje, juu ya jiwe. Mashavu alipouliza tai hutokea upande gani, Siwema akamwonyesha. Mashavu akatoka ndani ya ufa, akajilaza upande huo, akamfunika mgongo.

Funzo lake, wanangu, mlishike vizuri. Jike asikae na jike mwenzake bila dume wa kuwalinda, maana siku ya hatari nani atawaokoa? Na mkubwa akisimulia, hata akiwachosha, mwambieni tamu, hakuna anayepata madhara.

Mzigo nimeutua.
— Tumeupokea!
Meno yake je?
— Tumeyahesabu!
Basi kila mtu aende kwao, na njiani asiingize kichwa ufani.