Kiapo cha Mbeba Omo

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi wa yaliyokuwa, kwamba palikuwa na mito miwili mikubwa isiyokutana, na kati yake nchi kavu ya mawe na miteremko. Msafiri aliyetaka kutoka mto huu kwenda ule alishushwa chomboni, kisha chombo chenyewe kikabebwa mabegani, naye akakifuata kwa miguu. Usicheke. Wewe ndoo ya maji tu yakushinda.

Wabebaji wa hapo walikuwa watu wa swala na dhikri, nao walikuwa na ada yao. Aliyeshika omo, yaani mbele, ndiye mkubwa wao. Wakifika mto wa pili, huyo huweka kiganja juu ya ubao na kuapa: "Wallahi, hakikugusa ardhi." Hapo ndipo abiria hupanda. Kama kiligusa, chombo hujazwa maji kingali nchi kavu, watu watazame kinavuja wapi. Na mbeba omo huhamia tezi, nyuma kabisa, akale vumbi la wenzake mpaka mwingine naye ateleze.

Nuaimu alishika omo tangu ndevu zake hazijaota. Alisali, alifunga, sadaka alitoa. Lakini tambo, ndugu yangu, hakujaaliwa kuziacha.

Siku moja walibeba mashua ya Bi Lubaba, mama mcha Mungu aliyekuwa akisafiri na mahujaji.

"Ewe Wabisa!" Nuaimu alimwita mwenzake wa tezi. "Huko nyuma kuna watu, au nabeba peke yangu?"

"Tupo," akajibu Wabisa. "Tumebeba mashua pamoja na kichwa chako. Kichwa ndicho kizito."

Watu wakaangua kicheko. Nuaimu akageuka amrudishie, na mguu ukateleza. Mkuku, uti wa chini wa mashua, ukagusa jiwe: ko! Sauti ndogo, kama ya mgeni mwenye haya anayebisha hodi. Kicheko kikaimeza. Akanyanyua, wakaendelea.

Lakini ile *ko* ilifuatana naye njia nzima. Mbao ngumu hizi, akajiambia. Na kugusa si kuanguka. Shetani akitaka kumpotoa mcha Mungu humfundisha fikihi.

Walipofika mto wa pili, msafara wa ng'ambo, ambao mahujaji walikuwa waungane nao, ulikuwa uking'oa mahema.

"Apa, mwanangu, tupande," akasema Bi Lubaba. "Tutaachwa."

Nuaimu akaweka kiganja juu ya ubao. Wallahi ikapanda mpaka kooni, ikakwama. Akamwona Wabisa kule nyuma akijifuta vumbi kwenye nyusi, na mahujaji wamekwisha kushika vikapu vyao.

"Mama," akasema, "kimegusa."

Pakazuka makelele. Wabisa mwenyewe akasema, "Acha masihara, Nuaimu. Ningesikia."

"Hukusikia kwa kuwa ulikuwa unanicheka. Teka maji."

Wakajaza. Pale palipogonga jiwe palikuwa pakavu kama koo la mfungaji alasiri. Hujaji mmoja akafyonya. "Tumechelewa bure! Huyu bwana sasa anajisifu hata kwa makosa."

Nuaimu akateka ndoo nyingine, akamimina.

Ndipo Bi Lubaba alipoinama upande wa tezi, mbali kabisa na lile jiwe. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye ungio la mbao mbili, ambapo pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa, ilikwisha kuoza. Jeraha la siku nyingi, ambalo lingejitambulisha katikati ya mto.

"Subhanallah," akasema mama, akakaa chini.

Chombo kikazibwa. Mahujaji wakaukuta msafara kituo cha mbele, wamechoka, lakini wazima.

Wabisa akamwambia Nuaimu, "Rudi omo, ndugu yangu. Jiwe lako halikuvunja kitu."

"Sikuulizwa kama kimevunjika," akajibu. "Niliulizwa kama kimegusa."

Akaenda kushika tezi. Na wasimulizi wanasema kwamba siku ileile, vumbi limemjaa puani, alisikika akitamba: "Tezi hii haijapata kushikwa namna hii!"

Basi ndugu zangu, tambo ni maradhi, na dawa yake haiingii kwa siku moja. Kiapo ni jambo jingine. Hicho wapo waliozama nacho. Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zinazokwama pale zinapopaswa kukwama.