Hodi kwa Mwenye Mwamba

Hapo zamani za kale, kabla mnyama yeyote hajajua kuinamisha kichwa mbele ya asichokiona, palikuwa na mwamba mkubwa katikati ya nyika. Chini yake palikuwa na kisima. Nikisema kisima msije mkafikiria kikubwa! Maji yalitoka kwenye ufa, ndo, ndo, ndo, yakajikusanya kwenye shimo lenye upana wa ungo.

Ndani ya mwamba huo aliishi Pimbi, jina lake Sikudhani. Mnamjua pimbi? Mfupi, mnene, mkia hana. Lakini mdomo anao! Alikuwa na jiko lake, mtungi wake, mkeka wake na watoto watatu, na wa mwisho aliitwa Mboni.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka mito ikakauka. Wanyama wote wakahamia kwenye kile kisima, na wakubwa ndio waliotangulia. Kila asubuhi Mzee Tembo alifika, gudu, gudu, gudu, akatumbukiza mkonga, fyooo! Akamaliza. Kisha akakanyaga katikati ya shimo ili apoze miguu. Nyati akafuata, akagaagaa. Wadogo walipofika walikuta tope.

Sikudhani akatoka na mtungi wake mtupu. "Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba. Nani anaongea? Sikuoni."

"Niko huku chini, karibu na kucha zako. Mzee wangu, nakuomba utubakizie kidogo. Mwanangu hajanywa tangu jana."

Tembo akacheka mpaka masikio yakapiga upepo. "Wewe na wanao mnatoshwa na umande! Mimi tumbo hili nitalijaza nini?" Akaondoka zake.

Sikudhani akarudi ndani. Mboni alikuwa amelala kwenye mkeka, midomo imekauka, hata kulia hawezi. Mama mtu akajipenyeza mpaka mwisho wa pango, mahali penye tundu refu linalotokea juu ya kisima, asije akaonekana na wanawe, akaangua kilio. "Uwiii!"

Kule nje mwamba ukanguruma: "UUUWIIIII!"

Kunguru waliokuwa juu wakaruka wote kwa mpigo, purrr! Sikudhani akanyamaza. Akafuta machozi. Akajaribu tena, taratibu: "Nani huyo?"

"NAANI HUUUYO?" mwamba ukaitika.

"Ahaa," alisema Sikudhani.

Kesho yake asubuhi Tembo akaja, gudu, gudu, gudu. Mkonga haujagusa maji, akasikia:

"NANI ANAINGIA KWANGU BILA KUBISHA HODI?"

Tembo akaruka! Ndiyo, tembo aliruka, msinicheke. Akaangukia makalio, puu! "Ni... ni mimi, Tembo! Sikujua kama pana mwenyewe!"

"UMEONA MAJI YANATOKA, UKADHANI YANATOKA KWA NANI? MIMI NDIMI MWENYE MWAMBA. HAPA NI NYUMBANI KWANGU. ANAYETAKA MAJI ABISHE HODI. ASIPOJIBIWA MARA TATU, ARUDI ALIKOTOKA. MIGUU IOSHWE MCHANGANI KABLA YA KUSOGEA. NA WADOGO WATANGULIE."

"Wadogo watangulie?"

"WEWE KWENU NANI HULISHWA KWANZA, MTOTO AU BABA MTU?"

"Mtoto," alisema Tembo, kwa aibu.

Basi. Siku hiyohiyo Mboni alikunywa maji safi mpaka tumbo likawa ngoma. Wanyama wakapanga mstari: wadogo mbele, wakubwa nyuma, wote wamejisugua miguu kwa mchanga. Kila mmoja akifika anasema, "Hodi!" na mwamba unajibu, "KARIBU!" Na maji, kwa kuwa hayakanyagwi tena, yakawatosha wote.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Sikudhani hakulipanga. Siku ya nne Tembo alikuja na kiazi kikuu.

"Cha nini hicho?" aliuliza Nyati.

"Wewe unakwendaje kwa mtu mikono mitupu?" alijibu Tembo. Akakiweka juu ya jiwe. Nyati naye kesho akaleta majani mabichi. Twiga akaleta matunda. Sikudhani hakuomba hata punje, lakini wageni walipoondoka chakula kilibaki, na wanawe wakanenepa.

Halafu wakaanza kuleta mambo mazito kuliko viazi. Alasiri moja Tembo alikuja peke yake. Akabisha hodi, akakaribishwa, wala hakunywa. Alisimama tu.

"Mwenye Mwamba," alisema, "mama yangu amefariki. Nimekuwa mtu mzima, nimeota pembe ndefu, na bado namtafuta kila nikiamka. Amekwenda wapi?"

Kule ndani Sikudhani akashika mdomo. Angejibu nini? Akajiona mdogo kuliko siku zote, na alimwonea huruma yule mzee kwa moyo wake wote.

"SIJUI," alisema mwishowe. "KAA HAPO KIDOGO. USIONDOKE NA KIU."

Tembo akakaa. Akalia, akanywa, akaenda. Tangu siku hiyo Sikudhani hakulala vizuri, kwa maana uongo aliousema kwa ajili ya maji sasa ulikuwa unabeba machozi ya watu.

Na palipo na chakula juu ya jiwe, Fisi yuko wapi? Yupo njiani! Alikuja amejifunga ukanda wa magome kiunoni, akasimama mbele ya kisima kama mwenye harusi.

"Jana mchana nilipokuwa nimesinzia," alitangaza, "Mwenye Mwamba alinitokea! Kanifanya mimi Mlinzi wa Mlango. Amechoka na viazi. Anataka mifupa yenye nyama! Mwenye mfupa anatangulia. Asiye nao, asogee kule nyuma."

Wanyama wakatazamana. Lakini nani atabishana na mtu aliyetokewa? Mstari ukageuka. Wenye nguvu wakarudi mbele, kisima kikarudi kuwa tope, na Fisi akatafuna, kwacha, kwacha, mpaka ukanda ukamkatikia.

Sikudhani aliogopa kuongeza uongo juu ya uongo, kwa hiyo siku ya tatu alikwenda mwenyewe na mtungi, Mboni mgongoni.

"We kidudu! Umeleta nini?"

"Nimeleta mtoto mwenye kiu."

"Ana nyama huyo?" Fisi akamsukuma, mtungi ukavunjika, paa!

Sikudhani akakimbilia ndani, akaingiza kichwa kwenye tundu. "FISI! TOKA MLANGONI PANGU!"

Fisi alishtuka, mfupa ukamdondoka. Kisha akapiga kelele: "Msiisikilize! Hiyo si sauti yake! Mwenye Mwamba husema na mimi peke yangu! Hilo ni zimwi limeingia mwambani!"

Wanyama wakaanza kurudi nyuma kwa hofu. Sikudhani akaona mambo yanaharibika. Akiendelea kunguruma, Fisi atazidi kubwata. Akitoka nje, Tembo atamfanya chapati. Akamtazama Mboni, midomo yake imeanza kukauka tena. Akatoka.

"Sauti ni yangu," alisema.

Wanyama wakasogea wamwone.

"Mimi Sikudhani. Pana tundu nyuma ya jiko langu. Nilisema uongo kwa sababu mwanangu alikuwa anakufa na hakuna aliyenisikiliza nilipoomba kwa sauti yangu. Asiyesadiki atazame pale juu ya kisima, ndipo linapotokea. Na kama Mwenye Mwamba ni mimi, basi huyu Fisi alitokewa na nani?"

Macho yote yakamgeukia Fisi. "Hehee," alisema Fisi, "labda niliota vibaya." Akatimua mbio, mkia katikati ya miguu, na mpaka leo akiuona umati anapita kando.

Kisha kivuli kikamfunika Sikudhani. Mzee Tembo alikuwa ameinua mguu juu yake.

"Siku ile ya mama yangu," alisema, "aliyeniambia nikae kidogo, nisiondoke na kiu, ni nani?"

"Ni mimi, Mzee. Nisamehe. Sikuwa na jibu."

Mguu ukakaa hewani muda mrefu. Halafu ukarudi chini, polepole, pembeni. Tembo akaondoka, na wengine wakamfuata.

Asubuhi iliyofuata Sikudhani aliketi mlangoni pake, akingojea kuona kisima kikikanyagwa. Gudu, gudu, gudu. Tembo akafika. Akasugua miguu mchangani.

"Hodi!"

Ndo, ndo, ndo.

"Hodi!"

Ndo, ndo.

"Hodi!"

Hakuna aliyejibu. Tembo akageuka, ulimi umemkauka, akaanza kwenda zake.

"Mzee!" aliita Sikudhani. "Maji haya hapa! Kunywa tu!"

"Sijakaribishwa."

"Lakini unajua mle ndani hamna mtu! Tundu umeliona. Unambishia hodi nani?"

Tembo akafikiri. "Jina lake silijui," alisema. "Sauti ilikuwa yako, sawa. Lakini maji je, mwanangu, unayatoa wewe?"

Sikudhani akageuka. Akautazama ufa. Kwa miaka yote aliyoishi pale hakuwahi kujiuliza.

"Hapana," alisema. "Siyatoi mimi."

"Basi mimi nitabisha hodi."

Sikudhani akasimama, akasugua miguu yake midogo mchangani, akaja akasimama kando ya ile miguu mikubwa. Akabisha hodi naye. Wakasubiri pamoja. Kisha, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, isiyopita kwenye tundu lolote, akasema, "Karibu, Mzee wangu. Ngoja Mboni anywe, halafu wewe."

Tembo akangoja.

Hadithi imefika kisimani, nami nimeitua hapo. Funzo lake, wajukuu zangu, ni hili: maji ya wote hunywewa kwa hodi.