Mtamba wa Mashindano na Mgongo wa Fundi Jilala

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wanyama kusema, bali zamani ambayo baiskeli zilikuwepo na vitambi vilikuwepo, alikaa fundi cherehani katika mji mmoja wa Usukumani, kule ambako barabara imenyooka na ukikitaka kilima lazima usafiri. Jina lake Jilala. Alikuwa mpana. Akiingia dukani kwake, mteja hutoka kwanza ili wapishane. Msinilaumu mimi, mwenyewe alikuwa akisema hivyo hivyo, tena kwa sauti.

Mkewe, Nyanzala, alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Kiangazi kikaja kikali, ng'ombe akafa. Tangu hapo kila alfajiri Nyanzala anatoka na ndoo, anafika zizini, anasimama, anarudi ndani na ndoo tupu. Jilala alimwona kupitia dirisha, na roho ilimuuma kweli kweli.

Basi yakatangazwa mashindano makubwa ya baiskeli, kila mtu ruksa. Kwenda mashariki hadi mnadani, kugeuza, kurudi. Na kwa waliovuka miaka hamsini wenye baiskeli za kawaida, mshindi atapewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mzima, mwenye afya. Jilala akaweka mkasi chini.

"Mama Mbuke, mtamba yule ni wako."

Nyanzala akamtazama juu hadi chini, kisha upande hadi upande, na huko kwa upande alichelewa. "Wewe? Juzi umepanda kitandani ukahema."

"Nilikuwa na mawazo."

"Haya. Lakini utafuata nisemavyo."

Asubuhi akampa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai kavu. Mchana mlenda. Jioni mlenda ule ule, umepashwa. Kisha Nyanzala anapanda kwenye keria, na Jilala anamwendesha hadi kiwanda cha pamba na kurudi. "Kanyaga, Baba Mbuke!" Anakanyaga. "Kanyaga!" Anakanyaga. Watu wakatoka vibarazani kucheka, naye akawapungia mkono. "Chekeni, ndugu zangu! Hata mimi ningecheka kama ningekuwa na pumzi!"

Sasa, jirani yao alikuwa Sitta, muuza maziwa, mwembamba wa kupita kwenye tundu la uzio. Kila siku ya Mungu alikuwa barabarani na madumu ya maziwa ya ng'ombe wa watu. Wa kwake hakuwahi kuwa naye, hata mkia. Naye alikuwa amevuka hamsini, naye alimtaka mtamba yule.

"Fundi," akasema, "kwenye tambarare adui ni upepo. Wakati wa kwenda tangulia wewe, nijifiche nyuma yako. Wakati wa kurudi nitatangulia mimi, ujifiche wewe. Tukiukaribia mji, kila mtu na mguu wake."

Jilala akakubali, akaona amepata ndugu. Hata hakuuliza upepo unatoka wapi.

Lakini Sitta akaingiwa na hofu. Mlenda ule utaumaliza mgongo! Atajificha nyuma ya nini? Basi akaanza kuleta supu ya makongoro na chapati dukani, nyuma ya makoti yaliyotundikwa. "Kula, fundi, upate nguvu." Na Jilala akala. Mlenda alikula kwa kumpenda mkewe, supu alikula kwa kumwonea aibu jirani. Alikuwa mtu wa aibu sana, hasa supu ikiwa ya moto.

Nyanzala akachukua tepu, akapima kiuno. Hakuna kilichopungua.

"Baba Mbuke, mbona hivi?"

"Labda tepu imesinyaa."

Nyanzala akaitazama tepu, akamtazama mume, akaikunja tepu.

Siku ikafika. Vijana wenye bukta za kubana wakatimka, wakapotea. Jilala akaanza, upepo ukampiga usoni, akakanyaga. Sitta nyuma yake. Baada ya mwendo kidogo Jilala akageuka, na lahaula! Nyuma ya Sitta kuna mzee, nyuma ya mzee kuna mzee, wote wamejipanga kwenye kivuli cha mgongo wake, na mmoja anapiga mluzi.

"Jirani, na hawa?"

"Wameuona mgongo, fundi."

Akawakokota wote hadi mnadani, ulimi nje. Wakageuza. "Zamu yako, jirani!" Sitta akatangulia. Ajabu, upepo sasa ulikuwa unawasukuma.

"Jirani, mbona hakuna cha kukinga?"

"Asubuhi huwa hivyo, hutoka mashariki," Sitta akajibu bila kugeuka.

Jilala akakasirika. Kisha akajicheka: mtu mzima, mjukuu anaye, na hakuuliza upepo! Lakini upepo ule ukaukuta mgongo ule, na baiskeli ikaanza kukimbia karibu yenyewe. Wazee wengine wakabaki nyuma, wakawa wawili tu.

Karibu na mji kigimbi cha mguu kikakaza. Jilala akaanguka majanini. Akamkumbuka mkewe amesimama zizini, machozi yakamtoka. Sitta akageuka. Mbele yake barabara ilikuwa tupu, mtamba wake. Akasimama. Akarudi.

"Nenda, jirani!"

"Nyamaza. Nyoosha mguu."

Akamkanda hadi msuli ukalegea, akamwinua, na jinsi mwembamba alivyomwinua mpana mimi sijui, akampandisha, akamsukuma. Wakakanyaga pamoja. Mwisho kabisa upepo ukavuma, miguu iliyozoea kumbeba Nyanzala ikakaza, na Jilala akampita Sitta kwa tairi moja.

Akapewa kamba ya mtamba. Hajavuta pumzi, wakafika wawili.

Nyanzala akasema, "Ni wangu. Miguu hiyo nimeifundisha mimi, juu ya keria, mpaka makalio yakafa ganzi."

Sitta akasema, "Shemeji, mgongo uliosukumwa na upepo nimeulisha mimi, supu na chapati. Na majanini nani alimtoa? Ningemwacha, kamba hiyo ningeishika mimi."

"Supu?" Nyanzala akamgeukia mumewe. Jilala akatazama kwato za mtamba. Nyanzala, aliyekuwa anayajua mapatano yao, akamrudia Sitta: "Ulimlisha ili ujifiche! Na habari ya upepo hukumwambia!"

Sitta akainamisha kichwa. "Kweli, nilimdanganya. Ndiyo maana nilirudi."

"Na mimi je?" akauliza Jilala. "Nimekula mlenda nisioupenda na supu niliyoipenda, nimekokota wazee wa wilaya nzima!" Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Na msiniambie wagawane. Nyanzala alisema nusu ng'ombe haingii zizini. Sitta, alipoahidiwa ndama wa kwanza, alisema amebeba maziwa ya watu vya kutosha, hatasubiri ndama ambaye hata mimba yake haijatungwa.

Jilala akamtazama mke aliyekuwa akitoka na ndoo kila alfajiri. Akamtazama jirani aliyegeuza baiskeli wakati barabara ilikuwa tupu. Akatafuta neno la kuchekesha, akalikosa. Mtamba akaanza kuvuta kamba.

Haya, ninyi mnaocheka hapo, ishikeni kamba hiyo. Je, mngemkabidhi nani, na yule mwingine mngemwambia nini?