Ndala za Kijani Mlangoni

Hii nimetumiwa na dada mmoja wa kwaya yetu. Nakiri kwamba mimi ni mtu wa kusambaza vitu kabla sijavisoma, Mungu anisamehe. Lakini hii nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimecheka peke yangu jikoni. Isome hadi mwisho.

Palikuwa na mama mmoja wa Tukuyu, muuza vitenge sokoni, aliyeitwa Mama Atupele. Sauti yake ilijulikana soko zima. Hakuna aliyepita mbele ya meza yake bila kusalimiwa, awe mteja, awe mgambo.

Binti yake Atupele alikwenda kusoma Thailand, akapata kazi hukohuko, akapata na mchumba wa hukohuko, kijana anayeitwa Anan. Posa ilipokuja, wajomba walikaa wakakuna vichwa.

"Sisi watu hao hatuwajui," alisema mjomba mkubwa. "Dada, nenda ukamwone mama wa kijana. Mtoto wetu ataishi karibu na mama huyo kuliko na sisi. Ukishamjua, tuambie ndiyo au hapana. Tutakalosikia kwako ndilo hilo."

Basi Mama Atupele akapanda ndege kwa mara ya kwanza, akiomba tangu inaruka hadi inatua.

Alipofika, Atupele akamwambia, "Mama, kila mwaka Mama Anan huenda milimani kwa watawa wa Kibudha, anakaa kimya wiki nzima, anatafakari. Safari hii anakuomba mwende pamoja."

"Kimya?"

"Kimya, Mama."

"Nimevuka bahari nije kunyamaza? Sasa nitamjuaje mtu asiyesema?"

"Hata akisema, Mama, utamwelewa?"

Mama Atupele akavuta begi lake, akaanza kupanga nguo za kwenda milimani.

Usiku huo alimpigia simu mchungaji wake. "Baba Mchungaji, huku si kwa dini yetu. Nikikaa huko nitakosea?"

"Watakulazimisha kuabudu?"

"Hapana. Wanasema nikae tu."

"Basi kaa na Mungu wako, mama. Kunyamaza hakuna dhehebu." Kisha akaongeza, "Kama utaweza lakini."

Getini walipokewa na mtawa mmoja wa kike, mnene, amenyoa kichwa na kuvaa nguo nyeupe. Alieleza sheria, Atupele akatafsiri.

"Hakuna kusema, Mama. Hakuna simu. Hakuna kusalimiana hata kwa mkono. Atakayesema anarudishwa nyumbani siku hiyohiyo."

"Hata shikamoo?"

"Hata shikamoo."

"Sasa hawa wanajuaje nani mkubwa?"

Atupele akambusu mama yake, akaondoka na mchumba wake. Wale mama wawili wakabaki.

Siku ya kwanza Mama Atupele alikaa kwenye mto sakafuni, magoti yanamuuma, akafumba macho amtafakari Mungu. Akamtafakari kidogo. Halafu akawaza kuku wake. Halafu akawaza yule jirani aliyemwachia kuku. Jioni hapakuwa na chakula, ila chai ya tangawizi tu. Asubuhi yake waliambiwa kwa ishara watembee polepole uani, mguu mmoja, kisha wa pili, kama watu wanaojifunza upya. Akasema moyoni, kwetu mtu akitembea hivi tunampeleka hospitali.

Lakini kazi iliyomleta hakuisahau. Alimkazia macho Mama Anan. Alikuwa mama mwembamba, mgongo umenyooka, uso umetulia. Hakumtazama mgeni wake hata mara moja. Si mezani, si uani, si popote.

Mama Atupele akajiambia, huyu mama anaringa. Anamdharau mtoto wangu. Siku ya tatu alikuwa ameshafanya uamuzi: akirudi, jibu ni hapana.

Kitu kimoja tu kilimfurahisha mahali pale. Kabla ya kuingia ukumbini watu walivua viatu mlangoni. Yeye, kwa haraka zake, alizitupa tu ndala zake za kijani, moja huku, moja kule. Lakini kila alipotoka alizikuta zimewekwa pamoja, zimegeuzwa kuelekea nje, tayari kuvaliwa. Akamshukuru kimoyomoyo mfanyakazi wa pale, yeyote yule. Akasema, angalau mmoja hapa ana utu.

Alasiri ya siku ya nne mvua ikanyesha. Mama Atupele alikuwa amekaa karibu na mlango. Tangu asubuhi alikuwa anafumba jicho moja tu, naye alijua ni kosa. Kwa lile jingine akamwona Mama Anan anainuka taratibu na kutoka nje.

Mama Anan akainama kwenye viatu. Akaokota ndala za kijani. Akazikung'uta maji, akazifuta kwa pindo la nguo yake nyeupe, akazisogeza chini ya paa, akazigeuza zielekee nje.

Mama Atupele akahisi moyo unawaka kwa aibu. Akasema ndani yake, Bwana, nisamehe, nilikuja kupeleleza na hata upelelezi umenishinda.

Pale pale Mama Anan akageuka arudi ndani. Ngazi ilikuwa na maji. Akateleza, akaanguka kwa kishindo.

"Pole!" Sauti ya soko la Tukuyu ikajaa ukumbi mzima. "Pole, mama! Pole sana, jamani, umeumia? Pole!"

Watu wote wakafumbua macho. Mama Atupele akajiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini wapi, neno limeshatoka. Yule mtawa mnene alikuwa anakuja. Mama Atupele akaanza kulia. Aliona amemwaibisha mwanawe mbele ya wakwe, na sasa wao ndio watakaosema hapana.

Mama Anan akainuka, matope hadi kiunoni. Kwa mara ya kwanza akamtazama mgeni wake machoni. Akaona yale machozi. Yeye ambaye miaka yote hakuwahi kuivunja ile sheria, akafungua mdomo, akasema taratibu:

"Pole."

Mtawa akamtazama huyu, akamtazama yule. Akajikaza, akashindwa, tumbo likaanza kutikisika kwa kicheko. Halafu akanyoosha kidole getini. Sheria ni sheria. Wakafukuzwa wote wawili.

Anan na Atupele walipopigiwa simu na kuja kuwachukua, waliwakuta wamekaa juu ya mabegi yao, wameshikana mikono, kila mmoja anaongea lugha yake na mwenzake anaitikia.

"Mama, mmefukuzwa?" Atupele akashika kichwa.

"Tumefukuzwa."

"Wote wawili?"

"Kwani ungetaka nimwache mwenzangu?"

Akamgeukia Anan, ambaye Atupele alikuwa amemfundisha Kiswahili. "Baba, muulize mama yako, mbona hakunitazama siku zote hizi?"

Anan akauliza, akacheka, akajibu, "Anasema alikuogopa. Ulikuwa unamkodolea macho."

"Na lile neno kalijulia wapi?"

Safari hii Mama Anan alizungumza kwa muda, na Anan akatafsiri polepole. "Anasema, tangu Atupele aanze kuja kwetu, mama akijikata kisu jikoni, Atupele anamwambia pole. Akijikwaa, pole. Akichoka, pole. Anasema, nilidhani ni neno la Atupele mwenyewe. Leo nimemjua aliyemfundisha."

Mama Atupele alikaa kimya kuliko alivyokaa siku zote nne. Kisha akaomba simu, akampigia mjomba mkubwa.

"Ndiyo," alisema, akakata.

Walipokuwa wanaondoka, mtawa mnene aliwapungia mkono na kupaza sauti. Anan akatafsiri: "Anasema mwakani mje tena wote wawili. Ila mtalala majengo tofauti."

Funzo: Upendo mwingine hausemi. Kabla hujamhukumu aliye kimya, tazama kwanza ni nani anayezigeuza ndala zako mlangoni. Na ukimwona ameanguka, mwambie pole, hata kama utafukuzwa.