Mzee wa Kanisa na Swali la Ajali

“Fomu ya Maombi ya Bima Kubwa ya Chombo cha Moto, Sehemu ya Pili: Taarifa za Historia Binafsi ya Mwombaji.” Ndugu zangu, jina refu namna hiyo, na ndani yake mna swali ambalo mtoto wa shule ya Jumapili angelijibu: Je, umewahi kupata au kusababisha ajali?

Kulikuwa na mzee wa kanisa mmoja, mtu wa kola iliyonyooka, aliyelifikia swali hilo akaandika “Hapana” kwa mwandiko mzuri kuliko majibu yake mengine yote.

Wakala wa bima, binti wa kwaya ya usharika uleule, akasoma, akainua macho.

“Shikamoo tena, mzee wangu.”

“Marahaba. Kuna tatizo?”

“Umeandika hujawahi kupata ajali. Na lile lori?”

“Lori gani?”

“Jamani, mzee! Lori ulilolitolea ushuhuda kanisani Jumapili ya mavuno! Limekatika breki, linakujia mgongoni, malaika akalisukuma pembeni, likakugusa bampa tu. Mimi ndiye niliyeanzisha pambio!”

Mzee akacheka kile kicheko cha kwenye vikao. “Aa, mwanangu. Ule ulikuwa ushuhuda. Hii ni fomu.”

“Basi usihofu, tunarekebisha.” Binti akakata Hapana, akaandika Ndiyo, kwa wema kabisa, na wema huo ndio uliomchoma mzee. “Haya. Lori lilikuwa la nani? Lilitokea wapi? Kuna aliyeumia?”

Masikio ya mzee yakawaka moto. Hapana ilikuwa uongo, hilo alilijua tangu alipoishika kalamu. Lakini Ndiyo nayo, mbele ya binti huyu, ilikuwa inadai lori. Angelitoa wapi lori?

Mnacheka. Chekeni, lakini tujiulize: sisi tuna malori mangapi? Tukisimama madhabahuni, jambo tunalikuza ili tupigiwe vigelegele. Tukisimama dirishani kwa afisa, jambo lilelile tunalifuta ili tusiulizwe. Kwa Mungu tunaongeza, kwa Kaisari tunapunguza, na pale katikati, mahali lilipotokea, hatutaki kukanyaga tena. Kwa nini? Si kwa sababu tunajua tulimwacha nani pale?

Mzee aliomba maji. Aliyanywa yote, akaiweka bilauri mezani taratibu kama mtu anayeogopa itapiga kelele. Kisha akasema, na haikuwa ile sauti ya Jumapili ya mavuno:

“Hakukuwa na lori, mwanangu. Nilikuwa narudi nyuma pale sokoni huku naandika ujumbe kwenye simu. Nikamgonga mama anayeuza vitumbua. Mkono wake ulivunjika. Nikaondoka.”