Kigari Kisichonguruma

Mngurumo si mwendo. Methali hii haina umri mkubwa. Wengi waliokuwapo siku ilipozaliwa wangali hai, na mmoja wao ni Bi Vestina Chaula, ambaye amekuwa akihesabu mizunguko ya mbio za vigari pale Mafinga tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi zote. Juzi Jumamosi alimtupia methali hiyo jamaa mmoja aliyekuwa akitamba kabla ya mashindano kuanza. Vijana wa klabu waliokuwa wakichaji betri zao wakacheka, kisha wakamuuliza maneno hayo yametoka wapi, maana kwa babu zao hawakuyasikia. Bi Vestina akavuta kiti akakaa. Akawaambia kuwa yalitoka papo hapo uwanjani, na habari yenyewe ilikuwa hivi.

Palikuwa na mtu akiitwa Efrem Luvanda. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kuangusha miti ya misindano kwa msumeno wa injini, ule ambao kila mtu huku huuita chensoo. Siku hizo hakuna aliyefikiria kuziba masikio akiwa kazini. Mlio ule ukamla kidogo kidogo, kama mchwa alavyo nguzo ya nyumba, na Efrem alipokuja kutambua, sikio la kulia lilikuwa limekufa kabisa na la kushoto limebakiwa na nguvu kidogo tu. Akaacha msitu, akafungua banda la kuchonga mizinga ya nyuki nyuma ya nyumba yake.

Uziwi wa ukubwani una upweke wake. Watu walimsalimia, wakarudia salamu mara ya pili, na ya tatu wakachoka, wakampungia mkono wakaendelea na safari. Kwenye harusi alicheka wenzake walipocheka, bila kujua wanacheka nini. Mkewe, Otilia, alikuwa na subira ya kusema naye uso kwa uso, polepole, ili ausome mdomo wake, lakini mtu hawezi kuishi na mdomo mmoja tu duniani. Mahali pekee ambapo Efrem alijiona bado ni mtu kati ya watu palikuwa uwanjani, Jumamosi, kwenye mbio za vigari.

Msidhani ni vigari vya watoto vya dukani. Kila kimoja kilikuwa na ukubwa wa mbuzi aliyekwisha kuacha kunyonya, kina magurudumu ya mpira yenye meno, na springi za kuhimili kuruka matuta. Dereva husimama jukwaani na rimoti yake mkononi, kigari kikatimka huko chini. Wakati huo vyote vilikwenda kwa petroli, na injini zake zilitolewa kwenye mashine za kukatia nyasi. Vikiwashwa kumi kwa pamoja, mji mzima ulijua kuwa leo ni Jumamosi. Uwanja ulikuwa ua wa kiwanda cha mbao kilichofungwa, ardhi yake udongo uliochanganyika na unga wa mbao, na upande wa mashariki palikuwa na mwinuko mkali ulioitwa Mlima wa Maranda.

Bingwa wa uwanja huo alikuwa Castory Kikoti, kaka yake Otilia. Alikuwa fundi wa chensoo na mwenyekiti wa klabu, mtu mkarimu mwenye sauti kubwa. Aliyemfundisha Efrem kuendesha ni yeye. Alizoea kusema kuwa kigari huendeshwa kwa masikio: injini yenyewe itakuambia ina kiu, ina joto, au imefika mwisho wa nguvu zake, na wewe kazi yako ni kusikiliza. Kwa wenzake yote hiyo ilikuwa kweli. Lakini injini ya Efrem ililia kuomba huruma, naye akazidi kuvuta kibonyezo cha rimoti kwa kuwa hakusikia kilio. Aliunguza injini moja, akaunguza nyingine. Katika mbio alikuwa mkiani siku zote. Mwishowe Castory akamwomba kwa upole asimame kwenye kona, awe anavigeuza vigari vya wenzake vinapopinduka. Efrem akakubali. Alipofika nyumbani hakula.

Basi siku moja katekista wa parokia alikuja kuagiza mizinga. Otilia alikuwa akipepeta mahindi uani. Katekista akaingia na pikipiki yake mpya hadi karibu kabisa na ungo, na Otilia akashtuka hata mahindi yakamwagika. Kuku hawakuwa wamekimbia. Hakuna aliyekuwa amesikia chochote, kwa kuwa pikipiki ile ilikuwa ya umeme. Efrem aliyaona yote kutoka bandani akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu alipokuwa kiziwi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona chombo ambacho wenye masikio hawakumzidi kitu mbele yake.

Wazo likamwingia na halikutoka. Alimwomba fundi mmoja wa Iringa amtafutie mota na betri za pikipiki iliyopata ajali. Akang'oa injini ya kigari chake, akaanza. Mota ya kwanza ilikuwa na nguvu mno ikavunja meno ya gia. Betri zikapata joto hadi zikavimba. Akazibadili, akazitobolea matundu ya upepo kwenye boksi, akazipanga upya. Mizinga ikachelewa, wateja wakanung'unika, na Otilia akawatuliza.

Siku Efrem alipokipeleka kigari hicho chekundu uwanjani, watu walidhani hakijawashwa. Bendera iliposhuka kikachomoka kama mshale, na kwa mizunguko mingi kilikuwa mbele ya Castory mwenyewe. Halafu kikaanza kuzubaa. Kikapungua mwendo, kikasimama katikati ya njia, betri imekwisha, na vya petroli vikakipita vikikirushia matope. Mtu mmoja akasema kigari kimelala, kifunikwe blanketi, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Efrem hakuyasikia maneno, lakini kicheko alikiona.

Jioni ile klabu ikafanya kikao. Baadhi walitaka umeme upigwe marufuku. Walisema watazamaji hufuata mngurumo, na mbio bila mngurumo ni kama ngoma bila mpigaji. Wengine walikuwa na hoja nzito zaidi: wanaosimama kwenye kona kugeuza vigari hawatakisikia kikija, kitawavunja miguu. Castory aliwasikiliza wote. Mwisho akaamua kuwa shemeji yake atapewa nafasi moja tena, katika mbio ndefu za kufunga mwaka. Kigari chake kisipomaliza, klabu itabaki ya petroli.

Nyumbani Efrem akakisukumia kigari uvunguni mwa meza ya kazi, akarudia mizinga yake. Otilia akamwacha kwa muda, kisha akaja akasimama upande wake wa kushoto, akamshika bega.

"Umekiendesha kama cha kaka," alisema. "Ulikuwa unavuta tu, unavuta tu. Kile hakina injini ya kukemewa. Kwa nini hukiangalii?"

Efrem akayapima maneno hayo. Yalikuwa kweli. Mkono wake ulikuwa bado unafuata desturi ya petroli, unakamua nguvu hata pale isipohitajika. Kesho yake akakitoa kigari uvunguni, akaanza kujifunza upya, safari hii kwa macho. Akatazama vumbi linaloruka nyuma ya magurudumu: likiruka juu sana, nguvu inapotea bure. Akatazama jinsi kitako cha kigari kinavyochuchumaa kinapopanda. Akajua ni wapi mteremko utakibeba wenyewe, naye aachie kibonyezo kabisa, betri ipumzike. Miaka yote ya kusoma midomo na nyuso za watu ilikuwa imeyapa macho yake kazi ya masikio, na sasa kazi hiyo ikapata mahali pake. Otilia naye alijifunza kubadili betri upesi, kwa kuwa katika mbio ndefu wa petroli husimama kujaza mafuta, na wao wangesimama kuweka betri ya pili. Hata ile hofu ya wageuza vigari aliimaliza yeye: alifunga njuga mbili nyuma ya kigari, zilie kila kinapokwenda.

Asubuhi ya mbio za kufunga mwaka mvua ilinyesha. Watu walikuja kwa wingi vilevile, na miavuli, na mahindi ya kuchoma. Castory akaondoka wa kwanza na mngurumo wake ukatawala. Watazamaji walikuwa wakimfuata kwa masikio. Kila injini yake ilipopandisha sauti, vichwa vyote viligeuka huko. Efrem alikuwa nyuma, wa tano, kisha wa nne. Alipoingia kubadili betri Otilia alimaliza kazi kabla wa pembeni yake hajafunga kifuniko cha tangi. Bi Vestina, aliyekuwa mezani akihesabu, ndiye aliyeona kwamba njuga zinapita mbele ya meza yake mapema kidogo kila mzunguko. Watu wengine hawakuona kitu.

Mzunguko wa mwisho ulipoanza, Castory alikuwa mbele na Efrem wa pili. Wakafika Mlima wa Maranda. Mwinuko ulikuwa umeloa, umekuwa kama uji. Kigari cha Castory kikaukabili kwa kasi, kikafika katikati, na injini ikapiga mlio ambao haukuwa umesikika siku ile nzima. Watu wakasimama, wakashangilia. Walidhani ndiyo nguvu ya mwisho ya bingwa. Castory mwenyewe jukwaani akatabasamu, akazidi kuvuta, kwa kuwa masikio yake yalimwambia anaruka.

Efrem, aliyesimama jukwaani bega kwa bega naye, hakusikia mlio wala shangwe. Aliona magurudumu yakizunguka mahali pamoja. Aliona matope yakirushwa nyuma kama udongo wa mkulima anayechimba shimo, na kitako cha kigari kikizama. Mkono wake ulitaka kuvuta. Akikwama na yeye, hiyo ndiyo Jumamosi yake ya mwisho pale jukwaani. Akakipeleka chake pembeni, kwenye maranda makavu kidogo, akapunguza nguvu hadi kikawa kinatambaa. Magurudumu yakashika. Kikapanda polepole, kama mzee anayepanda ngazi za kanisa, kikampita bingwa anayenguruma, kikafika kileleni, na huko Efrem akakiachia kiteremke.

Watazamaji walipoona kitu chekundu kinavuka mstari, hawakuelewa. Wakaendelea kutazama kule kwenye mlio. Bi Vestina akainuka na kuinua bendera juu, akamtazama Efrem machoni ili aelewe kuwa ushindi ni wake. Ndipo Castory alipoachia kibonyezo. Injini ikanyamaza, na kila mtu akaona kigari cha bingwa kimezama hadi tumboni mlimani, hatua chache kutoka mahali kilipoanza kupiga kelele.

Efrem akamgeukia shemeji yake, hajui atakutana na uso gani. Castory alikuwa akiukodolea macho mlima. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyejikamata mwenyewe. Akamgeukia Efrem akasema taratibu, akilipa kila neno nafasi ya kusomeka mdomoni:

"Shemeji, masikio yangu yamenidanganya. Nilisikia nakwenda, kumbe nachimba. Mngurumo si mwendo."

Efrem alikuwa na machozi, na midomo ya mtu haisomeki kupitia machozi.

"Rudia," akasema. "Sijakupata."

Castory akavuta pumzi, akarudia kwa ile sauti yake kubwa iliyojulikana mji mzima, karibu na sikio la kushoto la Efrem. Uwanja wote ukasikia. Wauza mahindi wakasikia. Jioni yake maneno hayo yalikuwa sokoni, na Jumapili mtu aliyatumia nje ya kanisa kumsema jirani yake mwenye ahadi nyingi.

Haikupita miezi mingi Castory akaja kwenye banda la mizinga, akatoa mota kwenye gunia kama mtu anayetoa zawadi, akaomba afundishwe. Efrem akamfundisha kuachia, jambo lililomshinda kwa wiki nyingi. Nyuma yake wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na sababu yake ya aibu kidogo. Petroli haikufukuzwa na mtu. Ilipungua tu mpaka siku moja ikawa haipo. Shule ya jirani, iliyokuwa ikilalamika kila mwaka, ikawaruhusu wafanye mazoezi hata siku za kazi. Na Efrem, katika ule utulivu mpya wa uwanja, aligundua kuwa sikio lake la kushoto lilikuwa na nguvu kuliko alivyofikiri. Watu walipomsemesha jukwaani, mara nyingine alijibu kabla hawajarudia.

Bi Vestina aliponyamaza, wale vijana walikuwa wameacha kushughulika na betri zao. Msichana mmoja akasema sasa ameelewa kwa nini mama yake humwambia maneno hayo kila anapopiga kelele za kutafuta simu yake bila kuinuka kitini. Wenzake wakacheka. Bi Vestina akacheka nao, akanyanyuka kwenda mezani kwake, maana mbio zilikuwa karibu kuanza na yule jamaa wa kutamba alikuwa bado anatamba.

"Mwacheni," akawaambia. "Bendera ikishuka tutamwona. Mngurumo si mwendo."